Herufi Chini ya Benchi la Sauti ya Pili

Jumatatu asubuhi Advera, mfagizi wa kanisa, alikuta herufi K sakafuni, chini ya benchi la sauti ya pili. Kwanza alidhani ni mguu wa mende. Aliisukuma kwa ufagio, ikasogea. Aliigusa kwa kidole chenye mate, ikanata. Ilikuwa K ndogo, nyeusi, nyepesi kama kumvi la ulezi. Karibu na mguu wa benchi kulikuwa na A tatu na D moja iliyolala chali.

Advera alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliacha shule darasa la tano, mwaka ambao mama yake alifariki na bibi yake akawa hana mtu wa kumchotea maji. Kwa hiyo alisoma polepole, herufi mojamoja, na hakuwa mtu wa kudharau herufi akiikuta njiani. Alizikusanya kwenye kopo tupu la mafuta ya mgando, akaendelea kufagia. Chini ya benchi la sauti ya kwanza zilikuwa nyingi zaidi. Zilikuwa zimejipanga kwenye ufa wa saruji kama sisimizi waliosahau walikokuwa wanakwenda.

Kisha akatazama karatasi za nyimbo zilizoachwa juu ya mabenchi. Karatasi ya kwaya ina mpango wake. Katikati juu huandikwa jina la wimbo, chini yake nota za do-re-mi kwa sauti nne, na pembeni kulia, juu kabisa, jina la mtunzi. Jina la wimbo lilikuwepo. Nota zilikuwepo. Pembeni kulia palikuwa peupe.

Hayo yalitokea Ntalikwa, kwenye kanisa la kigango lenye paa la bati na mnara usio na kengele, wiki saba kabla ya jubilei. Jubilei ilikuwa ya kutimiza miaka mia moja tangu azaliwe marehemu Mwalimu Valentino Kashindye, aliyefundisha shule na kwaya hapo kigangoni na kutuacha na nyimbo kumi na tatu. Kumi na moja kati ya hizo huimbwa kuanzia Puge hadi Kigoma. Watu wameolewa nazo, wamezikwa nazo, na mapadre wamepewa upadre zikiimbwa. Kamati ya jubilei ilikuwa chini ya mtoto wake, Mzee Adriano Kashindye, ofisa elimu mstaafu. Ilikuwa inaandaa kitabu cha maisha ya mtunzi, fulana, na misa ambayo mgeni wake angetoka jimboni.

Advera alimpelekea kopo mwalimu wa kwaya, Sixbert. Sixbert alilitikisa karibu na sikio, akasikiliza kama mtu anayepima kiberiti, akasema ni wino mbovu. Akamtuma mjini kwa Sabiri, mwenye steshenari ya karibu na soko, akadai kopi mpya.

Sabiri alikuwa anakula karanga. Aliitazama karatasi mbele na nyuma.

"Nota zimeshika?"

"Zimeshika," Advera alisema kwa sauti ambayo Sabiri alilazimika kuinama aisikie.

"Jina la wimbo?"

"Limeshika."

"Basi wino wangu mzima, mwanangu. Vyote vimetoka chupa moja. Kawaambie jina ndilo bovu."

Hata hivyo alitoa kopi upya, kwa sababu alikuwa mtu wa biashara. Jumamosi kwaya ikaziimba. Hapo Sixbert aliona mwenyewe namna inavyokuwa. Karatasi ikilala tu, jina linakaa. Wimbo ukianza, herufi zinalegea. Ubeti wa kwanza zinaning'inia, na kiitikio kikifika zinaanguka zote, kuanzia ile ya mwisho. Waimbaji walizoea upesi. Walijifunza kupukuta karatasi kabla ya kugeuza ukurasa, na akina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kujifunga mitandio kifuani ili herufi zisiingie. Mzee mmoja wa sauti ya nne alimeza E akivuta pumzi. Alikohoa, akaendelea.

Sixbert akaagiza laminesheni. Sabiri akazifunika karatasi kwa plastiki, moto kabisa, kingo zote nne. Zilipoimbwa, herufi zilianguka humohumo ndani zikajikusanya chini ya plastiki kama mbu waliofia kwenye chandarua.

Nyimbo mbili tu hazikuwa na tatizo hilo. Moja inaitwa "Karibu Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya" na nyingine "Tuchimbe Vyoo Virefu". Hizo huimbwa mara moja kila baada ya miaka kadhaa, mgeni anapokuwa hana haraka. Jina la Mwalimu Kashindye lilishika juu yake kama kigaga. Advera alijaribu kulikwangua kwa ukucha, halikutoka. Karatasi moja ya vyoo ilisahauliwa dirishani, ikanyeshewa na mvua ya kupita. Nota zote zikayeyuka, jina likabaki.

Hakuna aliyeshangaa na hakuna aliyeuliza. Kwaya yetu huuliza wimbo uanzie sauti gani na sare ni rangi gani. Mengine ina heshima nayo.

Kamati ilikaa Jumapili baada ya misa, kwenye chumba cha katekista. Advera alipika chai na kuleta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Ajenda ya kwanza ilikuwa kitabu. Mzee Adriano alisoma sura inayoeleza jinsi wimbo mkubwa kuliko yote, "Tumetua Mizigo", ulivyomjia marehemu. Ulimjia stesheni ya Tabora akisubiri treni ya Mwanza. Ulimjia pia hospitalini akiwa na malaria kali. Na ulimjia katika ndoto, malaika akimsomea nota, sauti ya kwanza hadi ya nne, bila kukosea. Mjumbe mmoja aliuliza ni lipi kati ya hayo matatu lichapwe. Mzee Adriano akasema yachapwe yote, mtunzi mkubwa hajiwi na wimbo mara moja.

Sixbert, aliyewahi kuhudhuria semina ya muziki Mwanza, alieleza kwamba watunzi wakubwa wa Ulaya wote walikuwa maskini, au wagonjwa, au wakali. Marehemu alikuwa na baiskeli mbili na mbuzi arobaini na alilala vizuri. Kamati ilijadili jambo hilo kwa muda. Wakakubaliana apunguziwe mbuzi wabaki wanne, na baiskeli moja iwe na pancha.

Ajenda ya pili ilikuwa herufi. Mtu akapendekeza nta ya nyuki, kwa kuwa Tabora haijakosa nta. Advera alipewa kazi ya kubandika. Siku tatu alikaa na sindano na kibonge cha nta, akarudisha herufi mojamoja mahali pake kwenye karatasi arobaini. Jumamosi ziliimbwa. Zilianguka na nta yake, zikawa nzito, zikalia kwenye saruji kama mtama unaomwagika.

Wakati huohuo habari ilikuja kutoka makaburini. Kaburi la marehemu lilikuwa limeandikwa kwa herufi za saruji: VALENTINO KASHINDYE, MWALIMU NA MTUNZI. Sasa lilisomeka VALENTINO KASHINDYE, MWALIMU. Yaliyobaki yalikuwa chini kwenye nyasi, na kuku wa jirani walikuwa wanayapigapiga kwa midomo. Kwenye fulana ilikuwa hivyohivyo. Zilichapwa MIAKA MIA YA MTUNZI WETU. Baada ya zoezi la kwanza zilisema MIAKA MIA YA. Wanakwaya walizivaa, kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kizuri.

Kikao kilichofuata Mzee Adriano alisimama akavua miwani. Alisema amelitafakari jambo hili na sasa amelielewa. Baba yake alikuwa mnyenyekevu. Hakupenda sifa alipokuwa hai na hazipendi sasa. Jina lake linashuka lenyewe kwa unyenyekevu. Wajumbe wote walitikisa vichwa kukubali. Iliamuliwa kitabu kiongezwe sura ya tisa, "Unyenyekevu wa Mtunzi". Kuhusu wimbo wa Mkuu wa Wilaya na ule wa vyoo, iliandikwa kwamba marehemu alipenda sana maendeleo.

Advera alikusanya vikombe. Alikuwa na sentensi moja mdomoni. Ilikuwa fupi, na alikuwa ameibeba tangu Jumatatu ile ya kwanza. Alipofika mlangoni aliimeza, kama siku zote, akaenda kuosha vikombe.

Sentensi yenyewe ilimhusu bibi yake, Gaudensia Lugembe, mwenye miaka sabini na mitano. Mwaka 1965, Kilatini kilipoanza kuondoka kwenye misa, mapadre walitaka nyimbo za Kiswahili haraka. Mwalimu Kashindye alikuwa amesomea nota mwezi mzima. Alijua kuandika na hakuwa na cha kuandika. Gaudensia alikuwa na miaka kumi na mitano, ameletwa nyumbani kwake kumlea mtoto mchanga, Adriano. Alikuwa anatwanga mtama uani, mtoto mgongoni, na alikuwa anaimba, kwa sababu mtoto yule hakunyamaza kwa kitu kingine. Mwalimu alikaa barazani na daftari. Gaudensia akifika mahali pazuri, Mwalimu alisema, "Rudia hapo." Alirudia. "Rudia tena." Unga wa nyumba ile ulikuwa laini kuliko wa nyumba zote za Ntalikwa, maana Mwalimu alikuwa mzito wa kuandika.

Ilikwenda hivyo miaka sita, nyimbo kumi na moja. Kisha Gaudensia akaolewa Cheyo, nyumba ya Mwalimu ikaajiri msichana asiyeimba, na utunzi wa Mwalimu ukaingia kwenye wakuu wa wilaya na vyoo.

Bibi hakuwa mtu wa kinyongo. Aliimba nyimbo hizo kanisani maisha yake yote, Cheyo na baadaye aliporudi Ntalikwa, benchi la sauti ya pili, na ilipotajwa "mtunzi, Mwalimu Kashindye" alitazama mbele kama wengine. Lakini mwaka huu sikio lake la kulia lilifunga. La kushoto nalo lilikuwa linafunga. Mganga wa zahanati alimwambia huenda mvua za mwaka huu zikaanza bila yeye kuzisikia juu ya bati. Bibi alifikiri siku mbili, akamwambia Advera kwamba kitu kimoja tu angependa kikute sikio bado liko wazi. Angependa jina lake lisomwe kanisani kabla ya wimbo, mara moja, kama yanavyosomwa majina ya watunzi. Halafu lifunge tu, hana ugomvi nalo.

Aliposikia kuhusu herufi alichukua kopo la Advera, akachovya kidole, akazitazama. Hakujua kusoma.

"Hili ni jina lake?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi amewaachia nafasi," alisema bibi, akafunga kopo.

Wiki iliyofuata Mzee Adriano alikuja nyumbani kwao kukusanya kumbukumbu kwa ajili ya kitabu. Alileta kilo ya sukari na daftari jipya. Alimsalimu bibi shikamoo, akakaa upande wa kushoto, upande wa sikio.

"Dada Gaude, wewe uliishi kwetu. Ulimwona baba akitunga?"

"Nilimwona akiandika."

Mzee Adriano akaandika: alimwona kwa macho yake akitunga.

Bibi akaeleza kwamba yeye alikuwa anatwanga na kuimba, Mwalimu anaandika, na akikosa humwambia rudia. Mzee Adriano akaandika kwamba marehemu alikuwa mvumilivu, alimfundisha nyimbo zake hata mfanyakazi wa nyumbani, akimrudisha mpaka aimbe vizuri. Alisoma kwa sauti alichoandika, akauliza kama ni sahihi. Bibi hakusikia vizuri, akasema ni sahihi. Advera alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Yeye alisikia vizuri.

"Na wewe ulikuwa hapa," bibi akaongeza, akajigusa katikati ya mabega. "Sikio lako lilikuwa limelala hapa. Wewe ulisikia kabla yake."

Mzee Adriano alifunga kalamu yake. "Nilikuwa mdogo, dada."

"Mdogo, ndiyo. Lakini ulikuwa unanyamaza."

Mzee Adriano aliitazama kilo ya sukari, akasema mgeni kutoka jimboni ameshathibitisha kuja, fulana zimeshachapwa, na sura nyingi za kitabu ziko tayari kwa Sabiri. Akaaga kwa heshima zote. Alipokuwa anakwenda barabarani alipiga mluzi, na wimbo aliopiga ulikuwa "Tumetua Mizigo", na alitembea kwa mapigo yake.

Mapigo hayo yana asili, na kitabu kinayaita "mtindo wa Kashindye". Babu yake Gaudensia, Lugembe, alikuwa mpagazi. Kabla ya reli, alikwenda pwani na meno ya tembo na kurudi na vitambaa, chumvi na chochote alichopewa. Safari yake ya mwisho alirudi na kinanda cha misheni. Sura ya kwanza ya kitabu inasema kinanda kililetwa na padre kutoka Bagamoyo kwa miguu, jambo ambalo ni kweli. Kilikuja kwa miguu. Kitabu hakisemi miguu ya nani. Padre alipanda punda mpaka punda akafa, akabebwa kwenye machela. Sanduku la mifuo ya kupulizia hewa na sanduku la vibonyezo yalibebwa na Wanyamwezi wanane kwa zamu, siku tisini, wakiimba, maana mzigo wa namna ile hauendi bila wimbo. Lugembe alitua sanduku lake mlangoni pa misheni, akapewa kipande cha kitambaa, na hakuruhusiwa tena kukigusa kinanda. Alikijua kwa uzito wake tu. Wimbo wa njiani alibaki nao, akawaimbia wajukuu. Hata leo wanaume wa sauti ya nne wakifika kiitikio cha "Tumetua Mizigo" hukaza shingo kama wana kitu kichwani, na hakuna aliyewafundisha.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Advera alifanya jambo. Alichukua karatasi moja ya "Tumetua Mizigo" na kalamu, akaandika pembeni kulia kwa herufi zake za darasa la tano: Gaudensia Lugembe. Ilimchukua muda. Jumamosi aliiweka karatasi hiyo kwenye benchi kati ya nyingine, akaenda kusimama nyuma ya nguzo na ufagio wake.

Wimbo uliimbwa mara nne. Majina mengine yote yalianguka. Lile halikutikisika. Mama aliyekuwa na karatasi hiyo alimpelekea Sixbert, akaenda zake nyumbani. Sixbert aliipukuta. Akaipuliza. Akaenda bombani, akaweka pembe ile chini ya maji, akaisugua kwa kidole gumba. Jina lilibaki, hata wino haukutawanyika.

Alimwita Advera. Hakuwa na hasira, alikuwa kijana mstaarabu.

"Umeandika vizuri," alisema. "Bibi ana nota?"

Advera alitikisa kichwa kukataa.

"Ndiyo shida. Mtunzi ni yule aliyeandika nota na kutia sauti nne. Aliyeimba tu, ameimba. Huo ndio utaratibu, sikuuweka mimi." Akaitazama tena pembe ya karatasi. "Mimi nimejua siku nyingi, Advera. Ukiwa mwalimu wa kwaya unajua. Mtu aliyetunga ule wa vyoo hawezi kutunga huu. Lakini tukianza na bibi yako, kesho atakuja nani? Kila wimbo una mtu aliyekuwa anatwanga."

Alichukua mkasi mezani, akaikata pembe ile vizuri, kwa mstari ulionyooka, akampa. Kisha akaichomeka karatasi kwenye faili. Ilikuwa imepungua kidogo tu, na nota zote zilikuwa nzima.

  Halafu akamwomba afunge madirisha.

Kikao cha mwisho cha kamati kilitatua tatizo la herufi. Wazo lilikuwa la Mzee Adriano. Alisema kinachoanguka ni wino, na jina likisemwa kwa mdomo halina wino. Basi pembe za karatasi ziachwe wazi, na siku ya jubilei kila wimbo utanguliwe na msomaji mwenye kipaza sauti atakayemtaja mtunzi. Julieth, binti wa katekista, alichaguliwa kwa sababu ana sauti ya redio. Wajumbe walipiga makofi. Ilionekana ajabu kwamba hawakuwaza hivyo mapema.

Habari ya kwamba majina yatasomwa kwa sauti ilimfikia bibi kupitia majirani, nusunusu, kwa njia ya sikio la kushoto. Alichosikia ni kwamba karatasi hazina jina na siku hiyo watunzi watatajwa. Alifua kitenge chake kizuri. Alimwambia Advera wamepata akili sasa, na pengine ni Adriano, maana alikuwa mtoto anayesikia. Advera alimsaidia kuanika kitenge. Alipaswa kumwambia. Usiku alilipanga neno, asubuhi alilipoteza, na hivyo siku zikaisha.

Jumapili ya jubilei kanisa lilijaa mpaka nje. Mgeni kutoka jimboni aliketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Wanakwaya waliingia wawiliwawili na fulana zao za MIAKA MIA YA. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Sikonge tangu alfajiri, mazito. Bibi aliketi mstari wa mbele, mkono wa kushoto wa kanisa, akawa amegeuza kichwa ili sikio lake lielekee spika. Advera alikaa karibu naye.

Kumbukumbu za kamati zinasema misa ilikwenda vizuri. Nyimbo zote kumi na tatu ziliimbwa, na wa vyoo uliimbwa mara mbili kwa ombi la mgeni. Kitabu kiliuzwa chote na kinachapwa tena. Sura ya tisa imewagusa wengi. Herufi zinaendelea kuanguka. Kigango kimeweka ndoo ndogo mwishoni mwa kila benchi, na wageni kutoka parokia nyingine huziona ndoo hizo wakadhani ni za sadaka. Mzee Adriano sasa anashughulikia jina la marehemu liwekwe kwenye barabara. Kumbukumbu hizohizo, ukurasa wa pili, zinataja usumbufu mdogo kutoka upande wa kushoto mwanzoni mwa ibada, uliokwisha wenyewe.

Usumbufu wenyewe ulikuwa hivi. Julieth alisogelea kipaza sauti akasoma kwa sauti yake ya redio: "Wimbo wa mwanzo, 'Tumetua Mizigo'. Mtunzi, Mwalimu Valentino Kashindye." Sixbert aliinua mikono. Kinanda kilivuta pumzi. Kanisa zima likanyamaza, kimya kile cha kabla ya wimbo, ambapo hata watoto huacha kuchezea kandambili.

Bibi alimgeukia Advera. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua mlango akakuta giza. Kwake spika ilikuwa imekoroma tu. Sikio lilikuwa limefunga, pengine asubuhi hiyohiyo, pengine njiani.

"Wamemtaja nani?" akauliza, kwa sauti kubwa ya viziwi.

Mikono ya Sixbert ilibaki hewani.

Advera hakuwa amewahi kusema neno ndani ya kanisa lile peke yake. Alikuwa akiitikia na wengine, na hata katika kuitikia alifungua mdomo kidogo tu. Alimwinamia bibi, akamnong'oneza.

"Sikusikia," bibi akasema.

Advera akasema tena, kwa sauti ya kawaida. Watu wa mstari wa pili waliinua vichwa. Mzee Adriano aligeuka kwenye kiti chake.

"Nani, mjukuu wangu? Sema."

Advera akasimama. Akaweka mikono miwili kuzunguka sikio la kushoto la bibi yake, akavuta pumzi kutoka chini, mahali wanapovutia waimbaji, na sauti yake ikatoka yote, ikapiga bati la paa na kurudi, ikatoka mlangoni kwa waliosimama nje:

"Gaudensia Lugembe! Mtunzi ni Gaudensia Lugembe!"